Kinga Inayofukiwa: Maji, Ukuta na Ukungu katika Nyumba za Pwani

Mhadhara wa wazi kwa mafundi, wenye nyumba na wanafunzi wa ujenzi, Dar es Salaam



Nianze na dai lenyewe, ili anayetaka kunipinga apate nafasi ya kujiandaa. Nyumba zetu za Pwani hazilowi kwa uhaba wa dawa za kuzuia maji. Maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa dawa hizo, za ndoo na za mifuko, za kupaka na za kuchanganya. Zinalowa kwa sababu kinga ya kweli dhidi ya maji ni kitu kinachofukiwa. Hulazwa chini ya jamvi, hubandikwa nje ya ukuta wa msingi, huzamishwa kwenye maungio ya zege, kisha hufunikwa na haionekani tena. Kisichoonekana hakisifiwi na wageni siku ya kuhamia, kwa hiyo ndicho cha kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Miaka michache baadaye mwenye nyumba huanza kununua kwa ndoo, kila masika yakiisha, kile alichokataa kukinunua kwa roli moja ya nailoni.

Methali ya ufa na ukuta tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini kwenye habari ya unyevu inaweza kutupoteza. Ukuta usio na ufa hata mmoja unaweza kulowa kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Tofali, plasta na zege vina vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji hupanda humo bila kusukumwa na yeyote, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Anayesubiri aone ufa ndipo ashtuke amechelewa.

Maji yanatoka wapi?

Ukiitwa kuangalia ukuta uliolowa, brashi iache kwenye gari. Tafuta chanzo kwanza. Vyanzo ni vinne tu: mvua, ardhi, mabomba na hewa. Kila kimoja kina dalili zake na tiba yake, na tiba ya kimoja haiponyi kingine.

Tuanze na mvua. Dar es Salaam hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei. Unguja hupata zaidi ya hapo. Ipo hesabu ambayo kila mwenye nyumba angepaswa kuijua kwa moyo: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120, likinyeshewa milimita 50 usiku mmoja, linashusha lita 6,000. Hayo ni matangi sita ya lita elfu moja. Nyumba isiyo na gata inayamwaga yote chini ya ukuta wake yenyewe, kwenye mstari uleule mwembamba, ambapo matone yanachimba udongo na kurusha tope kwenye plasta.

Waliojenga kwa udongo na makuti walilielewa jambo hili bila hesabu. Paa lilitokeza nje ya ukuta kwa hatua nzima, na chini yake kikajengwa kibaraza kilichoinuka, ukuta wa udongo ukakaa mkavu mwaka hadi mwaka. Leo mtindo ni paa lililofichwa. Ukuta hupandishwa juu ya mabati pande zote ili nyumba ionekane ya mraba, na maji yote hukusanywa kwenye mfereji wa zege ulio ndani, juu ya vichwa vya wenyeji. Si kosa kuipenda sura hiyo. Ila mwenye kuichagua ajue kwamba jani moja la mwembe likiziba tundu la bomba la kushushia, maji yatatafuta njia kupitia dari. Mfereji wa namna hiyo unadai mteremko, utando imara wa kuzuia maji, matundu mawili badala ya moja, na tundu la tahadhari juu kidogo, linalomwaga nje pale yale ya chini yanapoziba.

Maji ya ardhini hujitambulisha kwa mstari. Utaona alama inayotembea kwa usawa kando ya ukuta, mara nyingi chini ya mita moja au moja na nusu kutoka sakafuni, rangi ikibanduka na unga mweupe ukidondoka. Katika maeneo ya chini kama Msasani, Mikocheni na Jangwani, ambako masika hulisogeza tabaka la maji karibu kabisa na uso wa ardhi, mstari huo umekuwa sehemu ya sura ya nyumba nyingi.

Maji ya mabomba hayajui majira. Alama inayokua Agosti sawasawa na inavyokua Aprili, tena iko nyuma ya bafu au chini ya choo cha ghorofani, mshukiwa wake wa kwanza ni bomba. Kipimo hakina gharama: usiku funga koki zote za nyumba, soma mita ya maji, kisha isome tena alfajiri kabla mtu hajatumia maji. Ikiwa imesogea, pana mahali panavuja. Kwa mabomba ya maji machafu mita haisaidii. Hapo mwaga bafuni maji yaliyotiwa rangi, usubiri uone yatatokeza wapi.

Chanzo cha nne hudanganya hata mafundi wazoefu. Hewa yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 80, hali tunayoijua sana Pwani, hugeuka maji ikigusa kitu chenye nyuzijoto 26 au pungufu. Sasa washa kiyoyozi chumbani kwa nyuzi 18 usiku kucha. Ukuta unaotenganisha chumba hicho na korido unapoa, na upande wa koridoni, kwenye hewa ya joto, unaanza kutoa jasho. Asubuhi anaitwa fundi bomba, anavunja vigae, na bomba analikuta zima. Tiba hapa ni kupandisha nyuzi za kiyoyozi, kuziba mianya ya mlango na kuipa korido hewa inayopita.

Kama huna hakika unyevu unatoka ndani ya ukuta au hewani, chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, yanatoka hewani. Kipimo hicho cha shilingi chache kimewaepusha watu wengi kuvunja kuta bure.

Chumvi inayokunywa hewa

Mara nyingi naulizwa swali zuri: mbona ukuta wangu umelowa Septemba, wakati haijanyesha wiki kadhaa na maji ya ardhini yameshuka? Jibu ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75. Hewa ya Pwani huvuka kiwango hicho karibu kila usiku. Ukuta wenye chumvi, kwa hiyo, unalowa kwa kupumua tu. Mchana unakauka, chumvi inaganda tena kuwa punje ndani ya vitundu vya plasta, na punje hizo zinapokua zinaipasua plasta kutoka ndani. Hicho ndicho watu wanachokiita ukuta kuliwa na chumvi. Neno hilo limelenga hasa, maana plasta huondoka kipande kwa kipande.

Chumvi hiyo huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni mchanga wa baharini, ambao hununuliwa kwa sababu uko karibu na ni rahisi. Ya pili ni maji ya kisima cha chumvi yanayotumika kuchanganya zege na kumwagilia tofali. Ya tatu ni ardhi yenyewe, inayopandisha chumvi pamoja na maji. Mbili za kwanza ziko mikononi mwetu kabisa. Onja maji kabla ya kuyatia kwenye zege. Kama huwezi kuyanywa kwa chumvi, usiyaingize kwenye nyumba, hasa penye nondo, kwa sababu chumvi huharakisha kutu, na kutu huvimba na kulipasua zege linaloifunika.

Ukuta uliokwisha kuliwa hauponi kwa kupakwa juu. Toa plasta yote iliyoharibika na nusu mita zaidi juu ya alama, ondoa unga wa chumvi kwa brashi kavu bila kuosha, maana ukiosha unairudisha ndani. Ziba chanzo cha maji, kisha subiri. Kwa kanuni ya mafundi, ukuta hukauka kwa takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene wake. Tofali la inchi sita lililolowa kabisa linadai karibu nusu mwaka. Najua hakuna mwenye nyumba anayependa kusikia hivyo, na ndiyo maana wengi hupiga plasta mpya wiki ileile na mwaka unaofuata wanaanza upya.

Kazi ya msingi

Hapa ndipo shilingi moja hufanya kazi ya mia. Nyumba ya kawaida ya chini inahitaji vitu vichache, na vyote hufukiwa.

Kwanza ni kimo. Sakafu ya ndani iinuke vya kutosha, na ule mkanda mweusi ambao mafundi huuita DPC ulazwe juu ya ukuta wa msingi, angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Mkanda ufunike upana wote wa ukuta bila kukatika, na vipande vyake vilaliane kwa sentimita 10 au zaidi kwenye kila kiungo. Pili ni nailoni nzito chini ya jamvi. Kifusi kishindiliwe, juu yake litandazwe tabaka la mchanga ili kokoto kali zisiitoboe nailoni, kisha nailoni ipande ukingoni ikutane na mkanda wa ukutani. Wengi huweka vyote viwili lakini havikutani, na maji hupita katika pengo hilohilo la kiganja kimoja kuzunguka nyumba nzima. Tatu ni mteremko. Ardhi ya nje ishuke kama sentimita 5 kwa kila mita, ikielekea mbali na nyumba, kwa mita mbili tatu za mwanzo.

Kazi nzuri ya msingi inaweza kuuawa baadaye na mtu asiye na nia mbaya. Mwenye nyumba anajaza udongo wa bustani hadi unafunika mkanda. Mwingine anatandaza vitofali vya uani juu ya kifusi kipya, na ua unakuwa sawa na sakafu ya sebule. Fundi plasta anashusha plasta ya nje hadi ardhini, na maji yanaupita mkanda kwa nje. Halafu barabara ya mtaa inakuja na lami, imeinuliwa kuliko viwanja, na majirani wanajaza vifusi kujiokoa, mpaka nyumba iliyojengwa mapema inabaki shimoni. Anayenunua kiwanja leo aulize barabara itakuwa na kimo gani baada ya kujengwa, kabla hajaamua kimo cha msingi wake.

Kuhusu zege lenyewe nitasema neno moja: maji. Kibarua anayechoka kukoroga huongeza ndoo ili zege liwe laini, na kila lita iliyozidi huondoka baadaye na kuacha njia nyembamba ambamo maji mengine yatapita. Kwa mfuko wa kilo 50 za saruji, zege linalotakiwa kuzuia maji lisipewe zaidi ya lita 25 hivi, ukihesabu na yale yaliyomo tayari kwenye mchanga mbichi. Lishindiliwe kwa vaibreta, kisha limwagiliwe kwa siku 7 bila kuruka hata moja. Dawa ya kuchanganya haiwezi kulirekebisha zege lililozidishiwa maji na kuachwa kukauka juani.

Vyumba vya chini ya ardhi

Kadiri viwanja vya katikati ya jiji vinavyopanda bei, ndivyo majengo yanavyozidi kuchimba. Maegesho ya magari, stoo za bidhaa, vyumba vya mitambo na matangi ya maji vimeshuka chini. Jamaa zetu walioko Marekani na Kanada wamezoea nyumba za kuishi zenye chumba kizima chini ya ardhi, na wanajua kwamba theluji ikiyeyuka, huko chini ndiko kwa kukaguliwa kwanza. Sisi tunaingia katika ujenzi huo kwenye jiji ambalo sehemu zake nyingi zina maji karibu na uso, basi ni heri tuingie tukijua nguvu tunayopambana nayo.

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Kwa hiyo kila mita ya kina huongeza msukumo wa tani moja kwa mita ya mraba. Chukua chumba ambacho sakafu yake imeshuka mita 3, na maji ya ardhini yako mita 1 chini ya uso. Sakafu inasukumwa kwenda juu kwa tani 2 katika kila mita ya mraba, huku zege lake la unene wa sentimita 30 likiwa na uzito wa takriban robo tatu ya tani. Upungufu huo lazima uzuiwe na uzito wa jengo lililo juu, au na nguzo zilizozamishwa. Ndiyo maana pampu za kushusha maji wakati wa ujenzi hazizimwi mpaka mhandisi aseme jengo limekuwa zito vya kutosha, na ndiyo maana tangi la ardhini likiachwa tupu wakati wa masika linaweza kuinuka kutoka mahali pake.

Nguvu hiyo pia inaeleza kwa nini utando wa kuzuia maji huwekwa nje ya ukuta. Ukiwa nje, maji yanaukandamiza ukutani, na kadiri yanavyosukuma ndivyo unavyokaza. Ukipakwa ndani, maji yanapita kwenye ukuta kwanza, kisha yanausukuma utando kutoka nyuma mpaka unabanduka. Zipo dawa za saruji zinazostahimili kupakwa ndani, lakini hizo ni za jengo lililokwisha simama na lisiloweza kufukuliwa. Hazipaswi kuwa mpango wa kwanza.

Kiwango cha Uingereza kinachoitwa BS 8102, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2022, kinazigawa njia za kinga katika makundi matatu, na mgawanyo wake unafaa popote. Njia ya kwanza ni kuuvika ukuta utando. Ya pili ni kulifanya zege lenyewe liwe kizuizi, kwa mchanganyo mzuri, nondo za kutosha kuzuia nyufa, na mikanda maalumu ndani ya maungio. Ya tatu ni kukubali kwamba maji kiasi yataingia, kuyapokea nyuma ya ukuta wa ndani, kuyaongoza kwenye shimo na kuyatoa kwa pampu. Kwa chumba chenye vitu vya thamani, mhandisi makini huunganisha njia mbili, kwa kuwa akikosea katika moja, nyingine inabaki.

Mahali dhaifu kuliko pote ni kiungo cha sakafu na ukuta. Sakafu humwagwa siku moja, ukuta siku nyingine, na kati ya siku hizo mbili huingia vumbi, mbao na haraka. Mkanda wa kuzuia maji uwekwe hapo, ushikiliwe usikunjwe na zege, na uso wa zege la kwanza ukwaruzwe na kusafishwa. Nje, ukuta uzungukwe na kokoto zilizofungwa kwa kitambaa cha kuchuja, na chini yake bomba lenye matundu linalopeleka maji shimoni. Na kama chumba kinategemea pampu, ziwe mbili, na umeme uwe wa njia mbili. Mvua kubwa na kukatika kwa umeme ni mambo yanayopenda kuja pamoja.

Naongeza onyo moja. Kuchimba chumba chini ya jengo lililokwisha simama ni suala la jengo kubaki limesimama, na uvujaji ni jambo la baadaye. Kazi hiyo haianzi bila mhandisi aliyesajiliwa na kibali, hata kama fundi anaahidi kuimaliza kwa bei nzuri.

Mji Mkongwe na kosa la saruji

Wapo watakaosema kwamba kama maji ni adui, basi tuzibe kila kitu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unatufundisha tofauti.

Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, kwa kuta nene za nusu mita na zaidi. Hazina mkanda mweusi wala nailoni. Maji ya ardhini huingia kwenye kuta hizo tangu siku ya kwanza, lakini chokaa huyaruhusu yatoke. Yanapanda kidogo, yanakutana na hewa, yanakauka. Baraza za mawe mbele ya nyumba, ambazo tunazikumbuka kwa mazungumzo na kahawa, huukinga pia mguu wa ukuta usipigwe na maji ya barabarani, na wakati wa mvua kubwa huwapa wapita njia mahali pa kukanyaga.

Saruji ilipokuwa nyingi na rahisi, wengi waliibandua chokaa iliyochoka wakapiga plasta ya saruji, ngumu na nyororo. Ukuta uliozoea kupumua ukazibwa. Maji hayakuacha kuingia chini, ila yalikosa pa kutokea, yakapanda juu zaidi, mpaka yakafika kwenye ncha za boriti zilizozamishwa ukutani. Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini ncha iliyofungiwa ndani ya ukuta mbichi huoza ambako haionekani, na ghorofa nzima hutegemea ncha hizo. Ongeza mabafu mapya ya ghorofani, yaliyowekwa nyumba zilipogawanywa kwa wapangaji wengi au kugeuzwa hoteli, na paa linalovuja bila mwenye kuliangalia, utaelewa kwa nini jumba la miaka mia linaweza kubomoka katika masika moja.

Funzo hili haliipingi saruji. Kila ukuta una namna yake ya kushughulika na maji: ama yazuiwe kabisa yasiingie, ama yapewe njia ya kutoka. Nyumba ya tofali za saruji tunaikinga kwa kuzuia. Nyumba ya mawe na chokaa tunaikinga kwa kuacha njia wazi, kwa plasta ya chokaa, rangi ya chokaa, gata nzima na mabomba yasiyovuja. Anayechanganya njia hizi mbili hupata hasara ya zote mbili.

Ukungu, kifua na rangi mpya

Ukungu, au fangasi za ukutani kama wengi wanavyoziita, ni matokeo. Mbegu zake zimo hewani katika kila nyumba, hata iliyo safi kuliko zote. Zinachokosa ni maji. Uso uliolowa ukibaki hivyo kwa saa 24 hadi 48, ukungu unaweza kuanza, na chakula chake ni vumbi, karatasi ya jipsamu, ngozi ya viatu, mbao na nguo. Kwa hiyo kanuni ni kukausha ndani ya siku mbili. Kabati lisibanwe ukutani, liachiwe upenyo wa kiganja. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe hewa ipite. Nguo mbichi zisianikwe chumba cha kulala.

Eneo dogo, lisilozidi mita moja ya mraba, unaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, ukiwa umevaa glovu na barakoa, kisha ulikaushe kabisa. Dawa ya klorini usiichanganye kamwe na dawa nyingine za usafi. Gesi inayotoka huumiza mapafu. Godoro na dari ya jipsamu vilivyoingiwa na ukungu ndani havisafishiki, vitupwe.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, ukionyesha kwamba wakaao katika nyumba hizo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua, pumu na maambukizi ya njia ya hewa. Anayedhani hayo ni maneno ya wataalamu tu, asikilize habari ya mji wa Rochdale, Uingereza. Desemba 2020 alifariki huko mtoto wa miaka miwili, aliyekuwa akiishi na wazazi wake katika nyumba ya kupanga iliyojaa ukungu. Uchunguzi rasmi uliohitimishwa Novemba 2022 ulikiunganisha kifo chake na kuvuta ukungu huo kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Mwaka 2023 Uingereza ikapitisha sheria inayowabana wenye nyumba za kijamii kushughulikia hatari kama hizo ndani ya muda maalumu.

Ushauri aliopewa baba yule unatolewa hapa kwetu kila siku. Mpangaji anatoka, rangi mpya inapakwa, dalali anamleta mwingine, na ukuta unaonekana mzima kwa miezi mitatu. Ninyi mnaotafuta nyumba ya kupanga, msifurahie harufu ya rangi mpya kabla ya kujua inaficha nini. Fungueni makabati, guseni ukuta nyuma ya mlango, muulizeni jirani maji hufika wapi Aprili.

Kabla ya kufukia

Nimesema kwamba kinga ya maji hufukiwa. Basi wakati wa kuilinda ni kabla haijafukiwa, na hilo linawezekana kwa mambo matatu yasiyohitaji teknolojia ngeni.

La kwanza, kila hatua inayofunikwa ipigwe picha na kukaguliwa kabla ya kufunikwa: nailoni kabla ya jamvi, mkanda kabla ya tofali linalofuata, utando wa nje kabla ya kurudisha udongo, mabomba ya bafuni kabla ya vigae. Picha hizo zihifadhiwe pamoja na hati ya nyumba, zimfae hata atakayeinunua baadaye.

La pili, kinachotakiwa kuzuia maji kipimwe kwa maji. Sakafu ya bafu, mfereji wa paa na tangi vizibwe, vijazwe, viachwe kwa saa 24 au 48, na kimo cha maji kipimwe mwanzo na mwisho. Ikigundulika kasoro kabla ya vigae, ni kazi ya asubuhi moja. Baada ya vigae ni kazi ya kubomoa.

La tatu linahusu fedha, na ndilo ninaloliombea mjadala leo. Miradi ya serikali ina kipindi cha matazamio: sehemu ya malipo ya mkandarasi hubaki mkononi mwa mwenye kazi mpaka muda fulani upite na kasoro zirekebishwe. Nyumba za watu binafsi, ambazo ndizo nyingi, hazina. Fundi hulipwa chote siku ya kukabidhi funguo, mara nyingi wakati wa kiangazi, na maji huja kumkagua akiwa amehamia mkoa mwingine. Napendekeza mkataba wa kila nyumba ya Pwani, hata ule wa kurasa mbili ulioandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe wa shina, uwe na kifungu kinachobakiza asilimia 5 ya malipo mpaka masika moja kamili ipite. Kifungu hicho kimbane mwenye nyumba pia: asijaze udongo juu ya mkanda, asiongeze bafu bila kushauriana, na ukuta ukiwa mkavu Juni, alipe siku hiyohiyo bila visingizio. Fundi mwenye kazi nzuri hana cha kupoteza hapo, na atakuwa na sababu ya kuilinda ile roli ya nailoni pale mwenye nyumba mwenyewe anapotaka kuikata kwenye bajeti.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na nitafurahi kama mafundi wataanza na hilo la asilimia 5.